Mwaka Tuliozika Mgomba

Mama Brayo alinipigia simu Jumatatu, saa nne ya asubuhi, nikiwa kwenye cherehani yangu hapa Bungoma nikishona kola za sare za shule. "Nasimiyu, umekaa ama umesimama?" Nikamwambia nimekaa. "Basi kaa hivyo hivyo. Ndiwa amekufa. Ni kifua kilimmaliza. Wanazika Jumamosi, kwake huko Kwanza, mbele ya Kitale." Halafu akashusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Sikuambii uende," akasema. "Nakuambia tu ujue." Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikamaliza kola niliyokuwa nayo mkononi. Nilipoigeuza niliona nimeishona ndani nje. Nikaifumua, nikaishona tena, na mara ya pili pia nikaikosea.

Ndiwa hakuwa mume wangu. Hakuwa ndugu yangu wala mtu wa kanisa letu. Kuna majirani ambao nimeishi nao hapa miaka mingi, tumezikiana watu, nimewapikia harusi za watoto wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina lake kinywani mwangu. Kwa hivyo wiki hiyo yote nilikuwa nikijiuliza kama nina haki ya kwenda kusimama kwenye kaburi lake, na nikienda, nitasema mimi ni nani. Jibu sikulipata ila kwa kuurudia mwaka mmoja, ule uliofuata vita vya mlimani. Nimejaribu kuuandika kama ulivyokuwa. Mahali nilipokosea nitasema nilikosea.

Vita vyenyewe sitavieleza. Watu wenye kusoma zaidi yangu wamevieleza, nani alitaka shamba gani na nani alimpa nani bunduki. Kwangu mimi vita vilikuwa jioni moja. Vijana sita waliingia kwetu, kule kwenye mteremko wa Elgon tulikokuwa tukilima, wakamwambia mume wangu Wafula avae viatu. Akavaa. Aliniambia nisizime jiko. Basi. Baadaye wanajeshi walikuja wakapanda msituni, wakashuka, na redio ikasema kuna amani. Mimi niliiacha nyumba, nikashuka Kitale kutafuta kazi, na mama ya Wafula, ambaye nilimwita Mayi kama tunavyowaita mama zetu, akabaki kwake Kamukuywa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Hatukuwa tumejaliwa mtoto.

Kitale nilipanga chumba kimoja Matisi, ukuta wa udongo, mabati juu, na pazia la maua lililogawanya kitanda na jiko. Kazi niliipata kwenye stoo ya mfanyabiashara wa mahindi. Wanawake tulikuwa kumi na mmoja, tunakaa juu ya magunia matupu, tunachambua mahindi, yaliyooza huku na mazuri kule, kuanzia asubuhi mpaka macho yanauma. Vumbi la mahindi liliingia kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kikohozi. Ndiwa ndiye aliyeshona magunia yakishajaa. Alikuwa na sindano ndefu ya chuma na uzi wa katani, na alikuwa akishona huku ameegemeza gunia kwenye goti lake kama mtu anayemfunga mtoto vifungo. Alikuwa mtu wa mlimani, wa kabila moja na waliotufukuza, na sisi wengi tulikuwa Wabukusu tuliotoka kukimbia mlimani, kwa hivyo mwanzoni hakuna aliyemsemesha. Mama Brayo, aliyekuwa akikaa karibu nami, alininong'oneza kwa sauti ambayo stoo nzima ilisikia: "Huyo ni wa huko juu. Chunga asikushone mdomo na hiyo sindano." Ndiwa hakuinua kichwa. "Wako ndio ningeanza nao, mama," akasema, "lakini uzi hautatosha." Wanawake walicheka mpaka mwenye stoo akatoka kuona kuna nini. Mama Brayo mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, na tangu siku hiyo akaanza kumwachia Ndiwa kikombe cha chai.

Mimi nilianza kwa chakula. Saa saba tulikuwa tunakula pamoja, kila mtu na mkebe wake, na siku moja nilimpa mrenda. Alivuta ugali, mboga ikamfuata kama kamba. "Hii kitu ni chakula ama ni sabuni?" akauliza. Nikamwambia kwao wanakunywa maziwa yenye majivu, basi asitusemee. "Majivu ni dawa, bana. Hii inateleza mpaka inakuja na mkono." Lakini akamaliza, na kesho yake akaja akachungulia mkebe wangu kabla ya kufungua wake. Sijui kuandika mapenzi yalianza lini. Ninachojua ni kwamba kufikia mwezi wa nne nilikuwa nikipika mboga zaidi ya tumbo langu, na nilikuwa nikijiambia ni kwa sababu mkebe ni mkubwa.

Kila mwisho wa mwezi niliomba ruhusa ya siku moja, nikaenda Bungoma kukutana na Mayi. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi moja ya serikali, pamoja na wanawake wengine waliokuja, kama sisi, kuulizia waume na wana waliochukuliwa, kila mmoja na picha ya mtu wake ndani ya mfuko wa plastiki. Karani alikuwa akiandika jina la Wafula upya kila mara, kama hajawahi kulisikia. "Mama, hata sisi tunangoja," alikuwa akisema. "Rudini mwezi ujao." Tukitoka hapo tulienda mochari. Mayi alikuwa akiingia mwenyewe, hakutaka niingie. Akitoka alitikisa kichwa, tukanunua ndizi mbivu karibu na reli, tukala tumesimama. Nyumbani kwake kila Jumamosi alizifua nguo za Wafula ambazo hakuna aliyezivaa, akazianika, akazikunja. Niliwahi kumuuliza kwa nini anafua nguo safi. "Zinashika vumbi," akasema.

Ni mwezi huo wa nne nilipomwonyesha Ndiwa picha. Nilikuwa nimetoka Bungoma, mfuko wa plastiki ukiwa bado kwenye kikapu, akaniuliza ni nini. Aliitazama kwa muda mrefu. Akanirudishia, akaenda kwenye magunia yake, na siku hiyo hakula. Nilidhani ni wivu. Naomba radhi kwa kusema hivi, lakini nilifurahi kidogo.

Mwezi wa saba alisema anataka kunioa. Alisema hivyo hivyo tu, akiwa ameshika kikombe, chumbani kwangu, Jumapili baada ya kanisa. Nikamwambia nina bwana. "Ako wapi?" Nikasema sijui. "Basi huwezi kusema uko naye." Nikamweleza. Kwetu mtu asipozikwa hajafa, na mke wake ni mke wa boma lile. Njia ilikuwa moja tu: watu wa Wafula wakubali kukata shina la mgomba, walivalishe nguo zake, walilaze kwenye jeneza na kulizika mahali pake. Hapo yeye angekuwa amezikwa na mimi ningekuwa nimefunguliwa. Ndiwa alisikiliza akiangalia chini. "Basi waambie wafanye hiyo," akasema. "Huyo mtu amekufa, Nasimiyu. Wafanye." Alisema kwa uhakika ulionitia nguvu. Sikujiuliza aliutoa wapi.

Mayi hakutaka. Mara tatu nilienda Kamukuywa, mara tatu akabadilisha mazungumzo, akaniuliza mahindi Kitale yanaendeleaje. Mara ya nne nilipiga magoti jikoni kwake. Nilimwambia, "Mayi, nimechoka. Nimechoka na benchi, nimechoka na mochari, siwezi tena. Wacha apumzike na sisi tupumzike." Sikumwambia kuna mtu. Niliapa nitaandika ukweli, na ukweli ni huu: nilitumia machozi ya kweli kusema uongo. Aliniinua, akanipangusa uso kwa leso yake, akasema, "Kama ni wewe umechoka, basi. Kwa sababu yako, basi."

Baba mkubwa wa Wafula, mzee Simiyu, ndiye aliyesimamia. Aliniita mbele ya wazee akaniuliza mara tatu kama nina hakika, na mara tatu nikasema ndiyo. Asubuhi ya kuzika, mchungaji hakuja. Alituma ujumbe kwamba hawezi kuombea mgomba, na mzee Simiyu akasema ni sawa, hata mgomba haukuwa umemwita. Watu wakacheka kidogo, kwa sababu walikuwa wanataka kucheka. Kisha akashika panga akaniuliza, "Alikuwa urefu gani?" Nilisimama kwenye fremu ya mlango wa Mayi, nikainua mkono mahali nilipokumbuka kichwa chake kikifika. Mayi alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo. Aligeuka. "Punguza," akasema. "Hakuwa mrefu hivyo. Wewe ulikuwa unamwona ni mrefu." Nikashusha mkono upana wa vidole vitatu. "Hapo," akasema, akageuka tena. Wakakata hapo. Walilivalisha shina zile nguo zilizofuliwa, suruali ya kijivu na shati la mistari, zote, kwa hivyo hazikubaki za kufua. Wakaita jina lake. Wakafukia. Mimi nililia mpaka nikashikwa na wanawake, na nilikuwa namlilia Wafula kabisa, na wakati huo huo nilikuwa nikihesabu siku za kurudi Kitale. Mtu anaweza kuwa na yote mawili ndani yake. Natamani isingekuwa hivyo.

Siku kumi na mbili baadaye Ndiwa alikuja kwangu mchana. Nilikuwa nimeweka chai jikoni na nimenunua mkate, kwa sababu tulikuwa tumepanga kuzungumza juu ya kwenda kwa baba yangu. Hakukaa kitini, alikaa chini, mgongo ukutani. "Kuna kitu lazima nikuambie kabla niende kwa mzee," akasema. "Vijana walinikamata njiani kwa sababu nilikuwa na jembe begani. Hawakuwa wanataka mtu wa kupigana. Walikuwa wanataka mtu wa kuchimba." Majani ya chai yalikuwa yamepanda juu ya sufuria na sikuyaondoa. "Nilichimba tatu. Wa mwisho ni yule wa picha yako."

Nilimuuliza, "Tangu mwezi wa nne ulijua?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na ukaniacha niende benchi."

"Ningekuambia, ungeenda kumchukua. Na ungerudi ukiniangalia vile unaniangalia saa hii." Halafu akasogea mbele kidogo, na uso wake ukawa na kitu ambacho kiliniuma kuliko maneno yote, ulikuwa na matumaini. "Lakini sasa mambo ya wazee yameisha. Uko huru. Mimi najua mahali, naweza kufika hata nikifunga macho. Twende tumtoe, tumpeleke kwa mama yake. Mnatoa huo mgomba, mnaweka yeye."

Nilimwambia hawezi kuwekwa. Ameshazikwa.

"Si ni mti tu?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu lilipokuwa. Kwao, alivyojua yeye, hakukuwa na desturi hiyo. Alidhani ni jambo la kuwatuliza wazee, kama kuweka mkoba kwenye kiti ili mwenyewe akija aketi. Na mimi sikumweleza, kwa sababu sikujua kuna mtu duniani asiyejua. Shina likishavalishwa na kuitwa jina, ni yeye. Boma halimziki mtu mmoja mara mbili. Sikusoma hayo mahali, nililelewa nayo. Yeye alikuwa amenyamaza miezi sita, akangoja nizike mgomba ndipo anipe mwili, na kwa kuzika mgomba nilikuwa nimefunga mlango ambao mwili ungepitia.

Nilienda Kamukuywa kesho yake. Nilitaka kujaribu. Mzee Simiyu alikusanya wazee watatu, wakakaa kwa Mayi, nikasema Wafula amepatikana. "Wafula tulimzika," mzee akasema. "Alikuwa na jeneza, alikuwa na nguo zake. Sasa huyu mwingine tutamwita nani?" Mmoja wa wazee alisema labda kaburi lifunguliwe, na mzee Simiyu akamkatiza: "Likifunguliwa litataka mtu. Utalitolea nani, watoto wako?" Kisha akanigeukia bila ukali. "Tulikuuliza mara tatu, msichana wetu. Hapa hapa." Nilikuwa najua jibu lao kabla sijapanda gari Kitale, lakini nilikuwa nimetumaini mapenzi yao kwa Wafula yangezidi hofu yao. Pengine yalikuwa makubwa. Hofu yao ilikuwa kwa ajili ya watoto wa boma lile.

Mayi ndiye aliyeuliza nilichokuwa nakiogopa. "Nani alikuambia ako wapi?" Nikamtaja Ndiwa. Akauliza Ndiwa ni nani. Niliangalia mikono yangu, na kwa kuangalia hivyo nikawa nimejibu.

"Kwa hivyo hukuwa umechoka," Mayi akasema.

Asubuhi yake alikuwa amevaa viatu vya kanisa, akaniambia kama hawezi kuletwa, yeye ataenda. Ndiwa alitungoja njiani, tukapanda watu watatu, yeye mbele, Mayi katikati, mimi nyuma. Mahali penyewe palikuwa kando ya msitu, juu ya kijito, na mtu asiyejua chochote alikuwa amepanda viazi hapo. Vilikuwa vimechanua maua meupe. Ndiwa alionyesha kwa mkono wazi, hakutaka kunyoosha kidole. Mayi aliketi kwenye nyasi, pembeni ya viazi, akaanza kumuuliza maswali kama anayemuuliza mtu aliyempokea mtoto wake ugenini. "Ulimlaza aje?"

"Kwa ubavu, mama. Anaangalia huko chini, upande wa Bungoma."

"Ulimfunika uso?"

"Nilivua shati yangu nikamfunika."

"Na walikuacha?"

"Walinicheka. Lakini waliniacha."

Mayi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Asante," akasema. Akaongea na ardhi kwa Kibukusu, sauti ya chini, akimweleza mwanawe mambo ya nyumbani, nani amejifungua, ng'ombe yupi ameuzwa, na kwamba kuna mgomba umelala mahali pake na asiukasirikie, haukujipeleka. Ndiwa alikuwa amesimama mbali kidogo, ametupa mgongo. Alikuwa akijipangusa uso kwa mkono wa shati.

Wakati wa kushuka Mayi aliniegemea. "Huyo si mtu mbaya," akasema. "Ukitaka kuolewa naye, olewa. Mimi sitasema kitu, na Simiyu hatasema." Kwa hivyo nilipata ruhusa zote. Nilikuwa nimezikiwa mume, nimefunguliwa na wazee, nimeruhusiwa na mama aliyefiwa. Hakuna aliyekuwa amesimama njiani isipokuwa mimi, na mimi sikuweza kupita. Watu watadhani ni kwa sababu alichimba. Hapana. Kuchimba alilazimishwa, na yule maskini alifanya kwa heshima zaidi ya ilivyohitajika. Kilichonishinda ni kungoja kwake. Alinitazama nikienda kwenye benchi lile mwezi baada ya mwezi, akala mboga yangu, akanyamaza, kwa sababu alinitaka. Na ubaya ni kwamba nilimwelewa. Mimi nilimpigia magoti mama wa watu kwa sababu hiyo hiyo. Kila nilipomtazama nilimwona mtu aliyefanya nilichofanya, na sijui mke na mume wanawezaje kuishi hivyo, wakiamka kila siku kando ya ushahidi.

Tulijaribu wiki sita. Alikuja, nilipika, tulikula. Tulikuwa tunasifu chakula sana wakati huo, kwa kukosa la kusema. Mara moja aliniuliza, "Nifanye nini, Nasimiyu? Niambie tu nifanye." Nikamwambia hakuna. Siku ya mwisho nilimkuta stoo ameegemeza gunia kwenye goti. Nikasema, "Ndiwa, naenda." Aliinua macho. "Unaenda choo ama unaenda?" Mama Brayo alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. "Naenda," nikasema. Aliangalia sindano yake kana kwamba ndiyo itamwambia la kufanya, halafu akaendelea kushona, kwa sababu gunia lilikuwa limefunguka na mahindi yalikuwa yanamwagika.

Nilirudi kwa Mayi. Niliishi naye miaka tisa mpaka alipokufa, na hakunikumbusha hata siku moja; baada ya hapo ndipo nikahamia hapa Bungoma na cherehani yangu. Nilisikia Ndiwa ameoa mwanamke wa kwao, wamenunua kipande huko Kwanza, wana watoto wanne. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinilaza kitandani siku nzima.

Jumamosi ya mazishi nilienda. Nilikaa nyuma ya hema, kati ya wanawake waliokuwa wakinyonyesha. Kijana wake mkubwa alisoma historia ya marehemu kwenye karatasi: alizaliwa wapi, alisoma wapi, vita vikamkimbiza, akafanya kazi Kitale, akaoa, akalima. "Akafanya kazi Kitale," akasoma, akavuta pumzi, akaendelea. Pumzi hiyo moja ndiyo niliyokuwa ndani yake, na sikuona kosa. Kisha wakasema wanaotaka kuuaga mwili wapange mstari. Nilipanga. Mama mmoja mbele yangu aliniuliza mimi ni wa upande gani, nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Nilipofika kwenye jeneza nilisimama muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Alikuwa amekonda, wamemvalisha koti kubwa, ndevu zimeingia mvi. Mwelekezaji alinigusa kiwiko, "Mama, songa, watu ni wengi." Nikamwambia angoje. Niliangalia paji la uso, nikaangalia masikio, nikaangalia mikono waliyoikunja kifuani, kidole kwa kidole, mpaka nikawa na hakika. Ndipo nikasonga. Walipomshusha nilichota udongo pamoja na wengine, nikaumwaga, na nilijua ninayemmwagia ni nani.